"Leo ulilowa?" Kisa cha mama mchuma tumbaku wilayani Urambo

Aliletwa zahanati saa mbili usiku, amepakiwa kwenye keria ya baiskeli, mumewe akisukuma na wifi yake akimshikilia mgongoni asidondoke. Ilikuwa Machi, mvua bado hazijakata, na shambani walikuwa kwenye mchumo wa tatu wa tumbaku. Mama wa watoto wawili, mimba ya miezi mitano. Alikuwa akitapika tangu jua lizame. Kichwa kinagonga, jasho la baridi linamtoka, miguu imelegea kama ya mtu aliyekesha kilabuni. Na hivyo ndivyo wifi yake alivyomweleza muuguzi pale mlangoni: "Huyu tumbaku imemlevya."

Muuguzi hakulishika neno hilo. Simlaumu. Mkoa wa Tabora, mwezi wa Machi, mtu akija anatapika na kuumwa kichwa unampima malaria, na ndivyo inavyotakiwa. Kipimo cha haraka kikatoka hasi. Muuguzi akarudisha kurasa za daftari la wagonjwa nyuma, akalikuta jina la mama huyu mara mbili: Februari mwanzoni, na tena wiki mbili kabla ya usiku ule. Mara zote mbili kipimo kilikuwa hasi. Mara ya kwanza alipewa dawa mseto ya malaria hivyo hivyo, "kwa usalama". Mara ya pili aliambiwa ni mimba, atapoa.

Mimi nilifika asubuhi yake kwa shughuli nyingine kabisa, kusimamia mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Majina ya watu, ya kijiji na ya zahanati nimeyaacha makusudi. Nilipomsalimia yule mama "mwangaluka" kwa mazoea ya Tabora akaitikia "mwakeye", nikajua huyu ni mtu wa Kigoma, pande za Kasulu. Alikuwa ameketi kwenye benchi, anakunywa uji, amechoka lakini hatapiki tena. Joto la mwili lilikuwa la kawaida, na usiku pia lilikuwa la kawaida. Hilo ndilo lililonifanya nivute kiti.

Nikamuuliza jana alishinda wapi. Shambani. Tangu saa ngapi? Tangu saa kumi na mbili, kabla jua halijapanda. Umande ulikuwapo? Akacheka kidogo, kama vile nimemuuliza kama ziwani kuna maji. "Dada, tunatoka tumelowa mpaka kwapani." Alivaa nini? Blauzi na kanga mbili, moja kiunoni, moja ameifunga puani kuzuia harufu. Alibadilisha nguo saa ngapi? Hakubadilisha. Zilimkaukia mwilini.

Kisa chote kilikuwa ndani ya majibu hayo.

Ugonjwa wenyewe, kulewa nikotini ya tumbaku mbichi (kwa Kiingereza green tobacco sickness), si mgeni duniani. Madaktari wa Florida, Marekani, waliuandika mwaka 1970 kwa wachumaji wa mashamba ya kwao: mtu anashika majani mabichi ya tumbaku yaliyolowa, nikotini inayeyuka kwenye maji, maji yanaingia kwenye nguo, nguo inagandana na ngozi, na ngozi inanyonya. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni kwamba mililita 100 za umande wa shamba la tumbaku zinaweza kubeba hadi miligramu 9 za nikotini, karibu sawa na sigara sita za kawaida. Mililita 100 ni nusu glasi ya maji. Mchumaji wa alfajiri hubeba zaidi ya hapo kwenye kanga moja.

Kuna mambo mawili ambayo naona ndiyo yanayouficha ugonjwa huu hapa kwetu. Kwanza ni saa. Dalili mara nyingi haziji shambani. Huja saa kadhaa baadaye, jioni au usiku, mtu akiwa jikoni au kitandani. Asubuhi alikuwa mzima, jioni anatapika, kwa hiyo shamba halishukiwi, kinashukiwa chakula cha jioni au mbu wa usiku. Kisha baada ya siku moja au mbili unapoa wenyewe, na kama katikati ulimeza dawa mseto, sifa zote zinaenda kwa dawa mseto. Pili ni kwamba wavutaji sigara huupata kwa nadra kuliko wasiovuta, kwa sababu miili yao imeshazoea nikotini. Vijijini wanawake wengi hawavuti. Kwa hiyo mume na mke wanachuma mstari mmoja, mume anavuta, jioni yuko sawa, mke anatapika, na watu wanahitimisha kwamba mwanamke ni dhaifu au ana mimba. Jirani mmoja alishatoa hukumu kwamba mtoto ni wa kiume ndiyo maana anasumbua. Mwingine alitaja mkono wa mtu.

Lakini tusikimbilie nikotini kama wengine wanavyokimbilia malaria. Kwenye shamba la tumbaku si kila kutapika ni tumbaku. Kama juzi yake kulipigwa dawa ya wadudu, unaangalia mboni za macho kama zimesinyaa, udenda, machozi, kuharisha na kubanwa kifua. Hiyo ni sumu ya kiuatilifu, na haisubiri kesho. Jua la mchana nalo huangusha watu. Na mama mwenye mimba ya wiki ishirini au zaidi anayelalamika kichwa lazima apimwe shinikizo la damu na mkojo, kwa sababu dalili za kifafa cha mimba hazipaswi kupita mlangoni zikiwa zimevishwa jina la tumbaku. Tulipima vyote. Shinikizo lilikuwa la kawaida, mkojo safi, mboni sawa, na shamba lilikuwa na muda mrefu bila kupuliziwa. Ndipo tukaandika tulichoandika.

Tiba haina maajabu. Kutoka shambani, kuvua nguo zenye maji ya tumbaku, kuoga kwa sabuni, kunywa maji, kupumzika. Wanaotapika sana huongezewa maji kwa dripu. Ugumu ulianza tulipofika kwenye kinga.

Hapa nirudi nyuma, maana kosa lililofuata lilikuwa langu. Wiki iliyofuata tuliitisha mkutano wa elimu ya afya kwa wanawake wa kitongoji. Tuliufanya kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, Jumatano, saa nne asubuhi. Walikuja wachache, wengi wao wazee na wasichana waliofunga shule. Tukabandika bango lenye mtu aliyevaa glavu ndefu, mabuti, aproni na barakoa. Nikaeleza: msichume alfajiri, subirini umande ukauke, vaeni vifaa kinga. Wakapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, hayo maneno umeshamwambia bosi?"

Wanawake walichekea kwenye viganja vya mikono. Mimi nilijibu kitu cha kujikosha, sikumbuki nini.

Nilipomfuata yule mama mtu mzima nyumbani kwake jioni, shikamoo na marahaba zikaisha, alinifundisha mambo ambayo mafunzo yangu hayakuwa nayo. Wachumaji waliolengwa na mkutano walikuwa shambani wakichuma. Jumatano saa nne katika mwezi wa Machi hakuna mchumaji aliye nyumbani. Na kwamba tumbaku inalevya wanajua wote, tangu mama zao. Urambo imelima tumbaku tangu miaka ya 1950, baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 kufa mwaka 1951. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba inalevya. Mchumaji mgeni akitapika wanamwambia "utazoea", na kweli wengi huzoea, ingawa kuzoea huko maana yake ni kwamba mwili umeacha kupiga kelele. Nikotini inaendelea kuingia. Kwa mwenye mimba inavuka hadi kwa mtoto, kwa anayenyonyesha inatokea kwenye maziwa.

Walichokuwa hawajui ni kitu kimoja, na nilikipata kwa bahati tu, kwa sababu ya ile kanga ya puani. Waliamini kinacholevya ni harufu. Kwa imani hiyo walijilinda kwa akili kabisa: walifunga pua na kuacha mikono, tumbo na mapaja yalowe. Na bango letu lenye barakoa lilikuwa limewaongezea imani hiyo. Barakoa ina kazi yake wakati wa kuchambua madaraja ya tumbaku kavu, kwenye vumbi, na wakati wa kupiga dawa. Kwenye umande haisaidii kitu. Sentensi moja, "inaingia kwa ngozi, inabebwa na maji", ilikuwa na thamani kuliko bango zima, nasi tulikuwa tumeizika katikati ya nyingine ishirini.

Sasa twende kwa bosi.

Familia ya yule mama mgonjwa ilitoka Kasulu mwanzo wa msimu. Mkoa wa Kigoma una historia ndefu ya kutoa vibarua. Enzi za ukoloni vijana wa Kiha walipelekwa kwa wingi kwenye mashamba ya mkonge, na wengi wetu tulilirithi neno manamba kutoka huko. Siku hizi safari ni fupi zaidi, reli au basi hadi Urambo na Kaliua. Makubaliano ni ya mdomo: mume anachukuliwa kwa msimu, anapewa chumba, mahindi na mahitaji madogo, na malipo yake anayapata tumbaku ikishauzwa. Mke hana makubaliano yoyote. Amekuja na mumewe. Anachuma, anafunga majani kwenye vijiti, anapika chakula cha vibarua wote, anachambua madaraja, na kwenye hesabu hayupo.

Hili si jambo dogo la makaratasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inakataza mwajiri kumpa mama mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo haikuacha kilimo nje. Tanzania pia ni mwanachama wa mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao ibara yake ya 18 inataja wazi afya ya watu wanaolima zao hili. Yote mazuri. Lakini zote hizo zinamtafuta mwajiriwa, na huyu mama kwa macho ya kila mtu, na yeye mwenyewe, ni mke wa kibarua.

Tulipokwenda kwa mwenye shamba nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamkuta mzee mtaratibu, mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, mwenye madeni ya pembejeo yanayomnyima usingizi. Alituandalia viti chini ya mwembe. Nikaanza na afya. Alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akasema pole kwa mgonjwa. Kisha akaeleza bani, jengo la kukaushia tumbaku kwa moto. Bani linatakiwa lijae kwa siku moja, ili majani yapate rangi kwa pamoja. Ukijaza nusu leo na nusu kesho, moto wa juma zima unaharibika, na majani yanashuka daraja. "Nikianza kuchuma saa nne, mwalimu, jioni bani lina nusu. Hasara hiyo nailipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo bwana shamba tuliyefuatana naye, kijana mmoja mkimya. Akamuuliza mzee msimu huu amechoma kuni trela ngapi. Mzee akataja, akaguna. Kijana akasema: jani lililochumwa na maji juu yake, yale maji nayo yanaingia bani, na lazima yakauke kwa kuni zako kabla jani lenyewe halijaanza kukauka. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kuni za miombo zinazidi kuwa mbali, trela ni pesa. Nadhani pale ndipo mambo yalipogeuka. Afya ya mwanamke iliingia shambani ikiwa imepanda mgongoni mwa kuni. Sioni haya kulikiri. Nimeshaona hoja safi zikifa kwa kukosa kitu cha kupanda.

Kilichokubaliwa kilikuwa kidogo na cha vitendo. Siku ya kujaza bani, asubuhi ya umande itumike kwa kazi kavu: kushusha tumbaku iliyokauka, kuandaa vijiti, kuni, moto. Kuchuma kuanze majani yakikauka, karibu saa tatu na nusu, na siku hiyo moja mzee aongeze vibarua wawili ili bani lijae kabla ya giza. Wajawazito na wanaonyonyesha wabaki bandani kufunga majani. Kufunga nako si usalama kamili, maana mikono inashinda kwenye utomvu, ila walau tumbo na mgongo havilowi. Pipa la maji na sabuni liwekwe kichwani mwa shamba, si nyumbani, kwa sababu mchumaji hula ugali wake kulekule kwa mkono uleule mweusi wa utomvu na kumshika mtoto kwa mkono huohuo.

Glavu zilileta mjadala. Za kitambaa zikilowa hazifai, zinashika maji na kuyagandamiza kwenye ngozi siku nzima. Za mpira zinafaa lakini zinatoa jasho na zinapunguza kasi, na kibarua hataki kuonekana mzembe. Wanawake wenyewe ndio waliobuni: nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, ioshwe vizuri, itobolewe shingo na mikono, ivaliwe juu ya nguo. Tuliweka sharti moja tu, mfuko usiwe uliowahi kubeba dawa ya wadudu. Na watoto wasibebwe mgongoni kwenye mistari ya tumbaku yenye maji, kwa kuwa mbeleko ikilowa na mtoto amelowa, na mtoto ni mdogo, kiasi kinachomlevya ni kidogo kuliko cha mama.

Elimu tuliihamisha. Tuliachana na uwanja wa ofisi ya kijiji. Mhudumu wa jamii, ambaye mwenyewe ni mkulima, alianza kukaa na wanawake bandani jioni wakati wa kufunga majani, mikono yake ikifanya kazi kama yao. Pale hadithi zinatoka. Mmoja aliwahi kuharibikiwa na mimba katikati ya msimu, na hakuna anayeweza kusema sababu ilikuwa nini, lakini alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mtu mwenye kalamu. Mwingine alieleza kwamba hudhurio lake la kliniki huwa linakatika kila Februari hadi Aprili. Huduma za mjamzito kwa sera ya nchi hazilipiwi. Kilichomzuia hakikuwa pesa, ilikuwa siku. Mhudumu alizungumza na muuguzi, na kliniki ya wajawazito ikasogezwa hadi Jumapili mchana kwa wiki zilizobaki za mchumo. Muuguzi alinung'unika, ana haki ya kunung'unika, maana hakuna aliyemlipa Jumapili zake. Lakini alifungua mlango.

Matokeo? Mama wetu hakurudi zahanati kwa kutapika msimu ule. Asubuhi ya mvua mambo yote yalivunjika: mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na majani yameiva, hakuna saa tatu na nusu ya kusubiri, watu huingia wakatoka wamelowa, na mipango yetu yote inabaki kuwa nailoni na sabuni. Mashamba ya jirani yaliendelea kuchuma alfajiri kama kawaida, mengine mpaka leo. Mwenye shamba mmoja alitutania kwamba tumekuja kuwafundisha wanawake uvivu wa kizungu. Vibarua wawili wa nyongeza walikuwa wanaume, na walilipwa siku hiyohiyo taslimu kwa kazi ambayo mama alikuwa akiifanya bila kulipwa. Wifi yake aliliona hilo kabla yetu, akalisema bandani kwa sauti, na wanaume wakapata shughuli ya kwenda kuangalia moto.

Pale zahanati kilichobadilika ni kitu kidogo sana. Muuguzi alichora mstari kwa kalamu ya bluu kwenye ukingo wa daftari la wagonjwa wa nje, akaandika juu yake neno moja: *Alilowa?* Kwa kila mwenye kutapika, kizunguzungu au kuumwa kichwa kuanzia Februari hadi Aprili, kipimo cha malaria kinafanywa kama kawaida, na kabla ya majibu anauliza: leo ulilowa? Jana je? Swali halina gharama. Na anaponiambia sasa kwamba kipimo ni hasi na mgonjwa alilowa, sihitaji kumkumbusha kwamba dawa mseto si ya kugawa kwa usalama.

Mtoto alizaliwa Julai, msichana, yule jirani wa mtoto wa kiume akanyamaza. Ulikuwa msimu wa masoko, marobota yanapimwa, malipo hayajatoka. Agosti yalipotoka, mzee akamwita mume wajadili msimu ujao. Mume aliomba jozi mbili za mabuti, moja ya kike, na akaomba mke wake ahesabiwe. Mabuti mzee alikubali palepale. Kuhusu la pili alisema wataongea mvua zikianza.